Tairi Kipara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hatari Zake na Mkono wa Sheria

Gari zima hushikwa na barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Breki ziwe nzuri namna gani, usukani uwe mwepesi namna gani, nguvu yake hupita kwenye viganja hivyo vinne. Majibu haya yanaeleza mpira huo ukiisha kunatokea nini barabarani, mbele ya sheria na kwa bima.

Tairi huhesabiwa limeisha likifikia wapi?

Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji ya kina cha milimita 7 hadi 8. Nchi nyingi, zikiwemo zote za Umoja wa Ulaya, Uingereza na Japani, zimeweka mpaka wa kisheria wa milimita 1.6. Maana yake, kati ya milimita 8 ulizonunua, za kutumia ni 6.4 tu. Zinazobaki si mali yako tena.

Watengenezaji huweka alama ndani ya tairi lenyewe. Chungulia kwenye mifereji mikuu utaona vinundu vidogo vya mpira vimelala kukatiza mfereji kama matuta ya barabarani. Vimo vyao ni milimita 1.6. Uso wa tairi ukishalingana navyo, yaani ukipitisha kidole usihisi tena kushuka na kupanda, tairi limefika mwisho. Ili usihangaike kuvitafuta, angalia begani mwa tairi, pale uso unapokutana na ubavu: kuna herufi TWI au pembetatu ndogo inayoelekeza kilipo kinundu.

Sisi tunashauri ubadilishe kwenye milimita 3, usingoje 1.6. Sababu iko kwenye swali la mvua hapa chini, na hilo ndilo swali tunaloomba usiliruke.

Nitapimaje kina mwenyewe?

Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kisha kata usukani wote upande mmoja ili uso wa matairi ya mbele utokeze nje. Toa mawe madogo na tope kwenye mifereji kwa bisibisi butu. Geji ya kina ni kifaa kidogo cha bei nafuu: ina sindano inayoingia mferejini na kitako kinachokaa juu ya meno ya tairi. Weka sindano kwenye mfereji mkuu, lakini si juu ya kile kinundu, maana hapo utapata kipimo cha uongo. Bonyeza kitako kilale sawasawa, soma namba.

Pima sehemu tatu kwa upana: ndani, katikati, nje. Kisha achia breki ya mkono, sukuma gari kidogo, vuta breki tena, urudie sehemu nyingine ya mzunguko, na nyingine tena. Kwa hiyo kila tairi lina vipimo visivyopungua tisa. Andika kile kidogo kuliko vyote, kwa sababu ndicho atakachokisoma askari, na ndicho kitakachoanza kuteleza.

Upande wa ndani ndio unaowaponza wengi. Gari likiwa limeegeshwa unaona bega la nje tu, nalo linaweza kuwa na milimita 5 huku la ndani limeshatoboka hadi waya. Kama huwezi kupaona, inama chini na tochi. Usipitishe kidole bila kuangalia, kwani waya zilizochomoza hukata kama wembe.

Sina geji. Kuna njia nyingine?

Ipo. Vinundu vya TWI vinatosha kukuambia kama umefika mwisho. Kwa kipimo cha namba, tumia rula yenye milimita inayoanzia sifuri ukingoni kabisa, au njiti ya kiberiti: itumbukize mpaka ifike chini, tia alama kwa kucha usawa wa meno ya tairi, kisha pima alama hiyo kwenye rula. Hutapata kipimo cha mahakamani, ila utajua kama umebaki na 5 au 2.

Kwa nini hatari huja zaidi wakati wa mvua?

Kwa sababu kazi ya mifereji ni kuondoa maji. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, na tairi lisipoifanya, mpira haugusi lami.

Fanya hesabu ndogo. Tairi lenye upana wa sentimita 15 linapogusana na barabara, likipita kwenye maji ya kina cha milimita 3 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lazima lisogeze takriban lita 10 za maji kila sekunde. Ni ndoo ya lita 20 kwa sekunde mbili, na hilo ni tairi moja tu. Sehemu ya maji hayo husukumwa pembeni, na sehemu hupita mferejini na kutupwa nyuma. Mfereji wa milimita 1.6 una nafasi ya moja ya tano tu ya ule wa milimita 8. Maji yasiyopata pa kwenda hujikusanya mbele ya tairi kama kabari, kabari hiyo inaingia chini ya mpira, na tairi linapanda juu yake. Hapo gari linaelea.

Dereva huligundua hilo kwa mikono kabla ya macho. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, kana kwamba umekatika. Injini inaweza kupaa mlio wakati gari haliongezi mwendo, kwa sababu magurudumu yanazunguka juu ya maji. Ukikata usukani hakuna kinachotokea, na hatari ni kwamba matairi yakishika tena huku umekata, gari linaruka kwenda ulikoelekeza. Dawa yake ni kuachia mafuta taratibu, kushika usukani uelekee mbele, na kutokanyaga breki mpaka uzito wa usukani urudi.

Kuna kanuni iliyotokana na utafiti wa shirika la NASA kuhusu matairi ya ndege katika miaka ya 1960, na bado inatumika kukadiria mwendo ambao tairi lisiloweza kuondoa maji huanza kuelea. Inategemea upepo ulioko ndani. Kwa tairi lenye psi 32, jibu ni kama kilomita 94 kwa saa. Likiwa na psi 24, jibu hushuka hadi kama 82. Kwa hiyo tairi kipara lenye upepo pungufu ni matatizo mawili yaliyoshikana mikono. Kumbuka pia kwamba muda mrefu kabla ya kuelea kabisa, mshiko huwa umeshaanza kupotea kidogo kidogo, kwa sababu sehemu ya mbele ya kile kiganja imeshapanda maji na ya nyuma tu ndiyo inayogusa.

Kusimama kunaongezeka kwa mita ngapi?

Hakuna namba moja kwa kila gari. Lami, mpira, mzigo na kina cha maji vyote vina sehemu yake. Lakini fizikia yenyewe haifichiki. Chukua magari mawili yaliyo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, barabara imelowa. La kwanza lina matairi mazuri, na mshiko wake (nguvu ya msuguano ikigawanywa kwa uzito wa gari) ni 0.7. La pili matairi yameisha, na mshiko umeshuka hadi 0.4. Madereva wote wawili wanakanyaga breki mahali pamoja.

La kwanza linasimama baada ya mita 36. La pili linahitaji mita 63. Watu husikia tofauti ya mita 27 wakaona ni kidogo, kwa hiyo itazame kwa njia nyingine: pale gari la kwanza liliposimama kabisa, la pili linapita likiwa bado na mwendo wa kilomita 52 kwa saa. Mtu anayevuka hapo anagongwa kwa mwendo huo. Na hatujahesabu zile mita zinazopotea kabla mguu haujafika kwenye breki.

Gari langu lina ABS na breki mpya. Si inatosha?

Haitoshi. ABS huzuia magurudumu yasijifunge ili uendelee kuliongoza gari, na mfumo wa kuzuia gari lisiserereke hubana gurudumu moja moja ili kulirudisha kwenye mstari. Mifumo yote miwili inagawa mshiko uliopo. Ikikuta tairi limeelea, haina cha kugawa. Breki nzuri kwenye tairi kipara hulifikisha gurudumu ukingoni mwa kujifunga mapema zaidi, basi.

Mbona magari ya mashindano hukimbia na matairi yasiyo na mifereji?

Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba kwenye lami kavu, safi, tairi lililoisha kidogo linaweza kushika vizuri tu. Ndiyo maana dereva hudanganyika miezi mizima ya kiangazi. Lakini matairi ya mashindano hutengenezwa kwa mpira laini uliokusudiwa kufanya kazi ukiwa wa moto sana, na hutumika kwa muda mfupi kisha kutolewa. Mvua ikinyesha, timu huyavua na kufunga yenye mifereji. Tairi lako la kawaida lililokwisha lina mpira uliozeeka na kukauka, na wewe huna kituo cha kubadilishia wingu linapotanda.

Tena, uso ukiwa mwembamba, msumari au kipande cha chupa ambacho kingeishia kwenye mpira mnene sasa kinafika ndani. Pancha za mara kwa mara kwenye tairi moja mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba limekwisha.

Sheria inataka nini hasa?

Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968 unataka matairi yawe katika hali ya kuhakikisha usalama, ikiwemo kushika barabara hata ikiwa imelowa. Kila nchi hutafsiri hilo kwa namba zake.

Uingereza ndiyo yenye maelezo yanayosaidia kuelewa jinsi sheria hizi zinavyosomwa. Kwa magari madogo, kina kisipungue milimita 1.6 kwenye robo tatu ya katikati ya upana wa uso, kuzunguka tairi lote. Neno "lote" ni zito: kiraka kimoja cha kipara kilichotokana na kufunga breki kwa nguvu siku moja kinatosha kukutia hatiani, hata kama sehemu nyingine zina milimita 6. Malori ya zaidi ya kilo 3,500 na pikipiki kubwa wanaruhusiwa hadi milimita 1. Adhabu ni faini inayoweza kufika pauni 2,500 pamoja na pointi 3 kwenye leseni, na kila tairi bovu linaweza kuhesabiwa kosa lake. Dereva mpya anayefikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya kwanza hufutiwa leseni na kuanza upya.

Marekani mpaka umewekwa na kila jimbo, na majimbo mengi yanatumia sehemu 2 kati ya 32 za inchi, ambayo ni kama milimita 1.6. Kwa malori ya biashara, sheria ya shirikisho inataka mara mbili ya hiyo kwenye matairi ya mbele yanayoongoza. Afrika Kusini mpaka ni milimita 1. Austria, gari linapolazimika kuwa na matairi ya baridi, yaani yaliyotengenezwa kwa theluji na barafu, tairi la namna hiyo la radiali (muundo wa matairi mengi ya leo) lenye chini ya milimita 4 halihesabiwi tena kuwa tairi la baridi.

Usiishie kwenye kina. Karibu kila mahali ni kosa pia kuendesha gari lenye tairi ambalo nyuzi au waya zinaonekana, lenye mkato uliofika kwenye nyuzi, lenye uvimbe, lisilo na upepo unaofaa, au lisilolingana na gari kwa saizi na uwezo wa kubeba mzigo. Tairi lenye milimita 5 na nundu ubavuni ni tairi haramu. Soma sheria ya nchi unayoendesha, maana ndiyo itakayokuhukumu, hata kama gari limesajiliwa kwingine.

Anayeshtakiwa ni dereva au mwenye gari?

Wanaweza kushtakiwa wote wawili. Dereva ndiye aliyelitia gari barabarani, na "gari si langu" haijawahi kuwa utetezi wa maana. Sheria nyingi humkamata pia aliyesababisha au aliyeruhusu: mwajiri anayemwambia dereva amalizie safari kwanza, au mwenye gari anayepokea taarifa ya tairi bovu na kunyamaza.

Kwa madereva walioajiriwa, ushauri wetu ni huu. Kagua kabla hujaondoka, andika tarehe, namba ya gari, tairi lipi na kina chake, piga picha geji ikiwa mferejini, mpelekee msimamizi kwa maandishi. Kisha kataa kuliondoa gari. Karatasi itamfikisha msimamizi kwenye kesi, ila haitakutoa wewe ukishageuza ufunguo.

Bima italipa ajali ikitokea?

Mikataba mingi ya bima ina sharti kwamba mwenye gari alitunze katika hali ya kufaa barabarani. Baada ya ajali kubwa, mkaguzi wa bima hupima matairi kama anavyokagua breki na taa. Akikuta kipara, kampuni inaweza kupunguza malipo au kukataa kutengeneza gari lako, hasa pale inapoonekana tairi lilichangia ajali.

Yule uliyemgonga kwa kawaida ana kinga zaidi. Katika nchi nyingi kampuni hulazimika kumlipa mtu wa tatu kwanza, kisha ina haki ya kukugeukia wewe na kudai fedha zake. Deni la namna hiyo, pakiwa na mtu aliyelemaa, linaweza kukufuata maisha yako yote. Toa mkataba wako leo, tafuta kifungu kinachozungumzia hali ya gari, usome maneno yenyewe, na usilisikilize tu la wakala.

Mtu akifa, tairi linabadilisha kesi?

Linaweza kuibadilisha kabisa. Ajali ambayo ingeitwa bahati mbaya hugeuka uzembe, kwa sababu tairi haliishi kwa siku moja: dereva alikuwa na miezi ya kuliona. Sheria ya Uingereza inasema wazi kwamba kuendesha gari ambalo dereva makini angeona dhahiri kuwa hali yake ni ya hatari kunahesabiwa uendeshaji wa hatari, hata kama mwendo na njia vilikuwa sawa. Na tangu tarehe 28 Juni 2022, kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari England na Wales kunaweza kuadhibiwa kwa kifungo cha maisha. Wachunguzi hupima kila tairi na kulipiga picha. Mpira ule hauwezi kuota upya kabla ya siku ya kesi.

Tairi langu limeisha upande mmoja tu. Nini kimeharibika?

Tairi lililokwisha ovyo linakueleza ugonjwa wa gari. Ukibadilisha tairi bila kutibu ugonjwa, jipya litafuata njia ileile.

Katikati pakiisha kuliko mabegani, upepo umezidi: tairi limevimba na linatembelea kitovu chake. Mabega yote mawili yakiisha huku katikati pamebaki, upepo ni pungufu au gari linabebeshwa kupita uwezo. Bega moja likiisha, hasa la ndani, tazama alaimenti: magurudumu yamelala au yanaelekea ndani au nje kupita kiasi. Hali hiyo hutokea baada ya kuangukia shimo, kupanda ukingo wa barabara kwa kishindo, au bushi na bolijointi kulegea. Fundi akipiga alaimenti juu ya bolijointi iliyolegea amekupotezea fedha. Viungo vikazwe au vibadilishwe kwanza, alaimenti ije mwisho.

Kuna kipimo cha kiganja ambacho mafundi wazoefu hukitumia, nawe unaweza kujifunza. Hakikisha hakuna waya, kisha pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Kama upande mmoja ni laini na upande mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, tairi linaburutwa kiubavu kila mita unayokwenda, na kosa ni la mwelekeo wa magurudumu ya mbele. Ukihisi mabonde na vilima kwa mzunguko, gurudumu linadundadunda: shokapu zimechoka, au balansi imepotea. Gari la namna hiyo hunguruma kama lina beringi mbovu, na wengi hubadilisha beringi bure.

Upepo unahusikaje na kuisha kwa tairi?

Upepo ni nusu ya maisha ya tairi. Lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka, kujikunja huzaa joto, na joto ndilo huachanisha tabaka za mpira na waya. Tairi nyingi zinazopasuka barabara kuu huanza hivyo, si kwa kipara peke yake. Pima likiwa limepoa, yaani gari limesimama kwa muda wa saa tatu au limekwenda kilomita mbili tatu tu. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu kabisa ambacho tairi linastahimili, si kipimo cha kujazia. Pima mara moja kwa mwezi, na kabla ya safari ndefu au mzigo mkubwa, tairi la akiba likiwemo.

Nina uwezo wa kununua mawili tu. Yafungwe mbele au nyuma?

Nyuma. Hata kama injini inavuta mbele.

Watu wengi hubisha hapa, kwa hiyo tuieleze vizuri. Matairi ya mbele yakipoteza mshiko kwenye maji, gari linakataa kona na kwenda mbele moja kwa moja. Dereva analihisi mikononi, anaachia mafuta, uzito unarudi mbele, na mara nyingi gari linatii. Matairi ya nyuma yakipoteza mshiko kwanza, mkia wa gari unazunguka kutaka kuipita pua, ndani ya muda mfupi kuliko wa dereva wa kawaida kufikiri. Akiachia mafuta, uzito unazidi kuhama kutoka nyuma na mambo yanazidi kuharibika. Hivyo yenye mpira mwingi yakae nyuma, na yaliyokuwa nyuma, kama bado yana milimita za kutosha, yahamie mbele. Yote mawili ya ekseli moja yafanane kwa saizi, aina na kina.

Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, soma kwanza kitabu cha gari. Tairi jipya lina mzunguko mkubwa kuliko lililokwisha, na tofauti hiyo ikizidi, difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) hufanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Baadhi ya magari hayo hulazimika kubadilishiwa manne kwa pamoja.

Naweza kuchonga mifereji upya?

Kwa gari dogo, usithubutu. Chini ya mfereji kuna mpira mwembamba tu unaolinda waya, na kisu kikiupita, maji huingia, waya hupata kutu na uso hubanduka gari likiwa mwendoni. Yapo matairi ya malori na mabasi yaliyotengenezwa na mpira wa ziada kwa kazi hiyo, nayo huandikwa REGROOVABLE ubavuni. Bila neno hilo, kuchonga ni hatari, na katika nchi nyingi ni kosa.

Tairi lina mifereji mirefu ila ni la zamani. Ni salama?

Si lazima. Mpira hukauka hata gari likiwa limeegeshwa. Tafuta ubavuni namba iliyoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, litoe leo. Baada ya miaka 5 lichunguzwe na fundi kila mwaka, na likifikisha 10 lisitumike tena hata likionekana jipya. Uingereza imepiga marufuku tangu Februari 2021 matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi. Ukinunua tairi lililokwisha kutumika, soma namba hii kwanza, kisha liangalie ndani kama lina viraka au mpira uliosagika, kabla ya kusikia bei.

Pancha inazibika sehemu gani?

Kwenye uso tu, mbali na mabega, tundu lisizidi milimita 6, na kiraka kiwekwe kwa ndani tairi likiwa limetolewa kwenye rimu. Ubavu hauzibiki. Vivyo hivyo nundu ubavuni: nyuzi za ndani zimekatika, upepo unazuiwa na mpira peke yake, na hakuna tiba.

Tairi likipasuka nikiwa kasi nifanye nini?

Shika usukani kwa mikono miwili, uelekee mbele. Usikanyage breki. Achia mafuta polepole, liache gari lipungue lenyewe, likishakuwa la mwendo mdogo ndipo usogee pembeni na kugusa breki kidogo. Likipasuka la mbele, gari litavuta upande wa tairi hilo, na utahitaji nguvu kulizuia. Likipasuka la nyuma, utahisi kiti na mkia wa gari vikiyumba.

Nimegundua leo kwamba tairi limekwisha. Naweza kuendesha hadi kwa fundi?

Sheria nyingi hazitoi ruhusa ya safari ya mwisho. Kosa lipo tangu gari linapoingia barabarani. Funga tairi la akiba palepale ulipo. Legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki kwenye sehemu iliyoandaliwa, na ukishafunga uzikaze nati kwa mtindo wa nyota, yaani moja kisha inayoielekea upande wa pili, kisha ukaze tena baada ya kilomita 50 hivi. Kama la akiba ni lile jembamba la dharura, mwendo wake kwa kawaida hauzidi kilomita 80 kwa saa, na maelezo yameandikwa ubavuni mwake. Usiliweke kwenye ekseli inayovuta ikiwa kitabu cha gari kinakataza. Kama huna la akiba zuri, mwite fundi aje ulipo, au lipakiwe kwenye gari la kuvuta.